Tone la Moto Juu ya Msala

To.

Kisha kimya, kirefu kiasi cha mtu kudhani masikio yamemdanganya. Kisha tena: to.

Nilikuwa chumbani kwangu, mbele ya sentensi iliyonigomea tangu adhuhuri, na sauti ile ilinijia kupitia ukutani ikiwa laini, kama mtu anayedondosha kunde mojamoja juu ya blanketi. Haikuwa sauti ya bati wala ya ndoo. Ilikuwa ya kitu kinachoangukia kitambaa. Chumba cha pili Bibi yangu alikuwa akiswali alasiri, na Bibi akishaingia katika swala, hata nyumba ikishika moto itabidi isubiri atoe salamu. Basi nami nikasubiri. Nilimsikia akitoa salamu kuume, akatoa kushoto, akavuta tasbihi yake bila kuruka punje, akaomba dua ndefu iliyowapitia wafu wetu wote. Ndipo akaita.

"Mke mwenzangu! Hebu njoo uone nilicholetewa."

Bibi huniita mke mwenza kwa ule utani wa bibi na mjukuu, ingawa mume tunayemgombania, babu yangu, alifariki kabla sijazaliwa. Hilo halimzuii kunituhumu kwamba namtamani.

Nilimkuta amekaa kando ya msala, kidole amekinyoosha kuelekea pale paji la uso linapogusa. Palikuwa na doa la maji. Juu yake, dari nyeupe ilikuwa imefanya duara la rangi ya chai ya rangi, na katikati ya duara kulining'inia tone linene, likitafakari. Likaachia. To.

"La kwanza limenipiga kisogoni nikiwa katika sijda," alisema. "Liguse."

Nikaligusa.

"Lina joto," nikasema.

"Lina joto. Sasa wewe uliyesoma niambie, ni maji gani yatokayo darini yakiwa na joto?"

Nje jua lilikuwa kali, hakuna wingu kutoka Bongwe hadi Diani. Nikaitazama ile dari, ambayo juu yake, hatua chache kutoka tulipokuwa, lilikuwa limekaa tangi la kuchemshia maji nililolinunua mwenyewe. Mimi ni mtu anayealikwa kwenye mabaraza ya waandishi kueleza maana zilizojificha. Nikafikiri sana. Nikasema:

"Komba."

"Komba," Bibi akathibitisha, na kwa mara ya kwanza siku ile tukakubaliana.

Asiyekaa kwetu huenda akatucheka. Lakini Bongwe kila dari ina komba wake. Ni mnyama mdogo mwenye macho makubwa kama ya mtu aliyeambiwa habari mbaya. Mchana hulala juu ya vichwa vya watu, usiku hulia kama mtoto aliyeachishwa titi, na haja zake huzimaliza popote anapokuwa. Mtu wa kwetu akiona kitu kimeloa chini ya dari haanzi kwa kufikiria mabomba.

Tatizo ni kwamba mkojo wa komba ni najisi, na Bibi hakai na najisi.

"Hapa pameharibika," alisema, akiukunja msala kwa ncha za vidole. "Mahali pasiposwalika hapakaliki. Huyo komba asipotoka, mimi nitarudi zangu Msambweni."

Kumpata Bibi kuja kukaa nami katika nyumba aliyoniachia marehemu mama yangu lilikuwa jambo lililonigharimu mwaka mzima wa kubembeleza. Msambweni alikuwa akiishi na mwanawe, mjomba wangu, mwanamume mpole ambaye hakuoa tena baada ya mkewe kuondoka, na ambaye kutwa alikuwa ufukweni akitengeneza mashua za watu. Magoti ya Bibi hayataki maji baridi, basi kila asubuhi alichemsha sufuria kwa kuni, akaibeba mwenyewe kupeleka bafuni nje. Siku moja sufuria ikamshinda. Mguu wake wa kushoto mpaka leo una kovu kama ramani ya kisiwa. Mimi nilimwona hospitalini amefungwa bendeji, akimtania muuguzi, nikaapa kwamba hatabeba maji ya moto tena maishani mwake.

Ndiyo maana nilinunua hita. Fundi wa mabomba, mtu wa bara aliyehamia Ukunda na kuchukua kazi zote za hapa na sauti yote ya hapa, alilipandisha tangi juu ya dari, kati ya bafu na chumba cha Bibi. Alinionyesha bomba jembamba lililotoka tangini, likapita juu ya dari na kutokeza ukuta wa nyuma, kwenye majani. Alisema maji yakichemka hutanuka, na tangi lazima liwe na pa kupumulia. "Hii itakuwa inadondosha kidogo kidogo, siz. Iache. Siku ikiacha kudondosha, hapo ndipo uogope." Siz ni dada kwa lugha yao ya mjini; nikaitikia. Nikasahau kabla hajateremka ngazi, kwa sababu Bibi alikuwa bafuni amefungua bomba la moto, na nilikuwa nikimsikia akicheka peke yake.

Mjomba hakucheka. Mama yake kuhamia kwa mjukuu, tena mjukuu wa kike asiyeolewa, lilimchoma. Akaanza kuja kila Ijumaa baada ya swala, amebeba mfuko wake wa kazi, akae na mama yake, na kabla hajaondoka lazima apate kitu cha kurekebisha. Kitanda cha Bibi alikikaza miguu. Mbuzi ya nazi aliinoa mpaka ikawa hatari. Nilidhani anatukosoa.

Basi vita vya komba vikaanza. Bibi alihamishia swala zake sebuleni, na mimi nikapewa amri. Kwanza nilichoma pilipili kavu kwenye chetezo na kukisukuma darini kupitia kidirisha cha mbao cha kupandia huko. Komba hakutoka. Tulitoka sisi, tukikohoa, mpaka barabarani, ambako majirani walitupa pole na kutuuliza nani kafa. Kisha niliweka ndizi mbivu kwenye kidirisha ili nimwone akija. Ndizi ikaoza kwa heshima zake zote. Na duara la dari likazidi kupanuka.

"Huyu si mmoja," Bibi alisema. "Huyu ana familia."

Jirani mmoja ndiye aliyetupa dawa ambayo kila mtu pwani anaijua: komba hupenda tembo, ile pombe ya mnazi. Hupanda minazi kuiba kwenye vibuyu vya wagema. Mwekee tembo darini, atakunywa, atalewa, utamwokota kama embe.

Bibi alitafakari suala hili kisheria. "Kununua kwa ajili ya mnyama si kununua kwa ajili ya kunywa," alitoa hukumu. "Lakini wewe ndiwe utakayekwenda."

Nilijitanda mtandio mpaka puani, nikapita njia ya nyuma hadi kwa mama mmoja auzaye tembo chini ya banda la makuti. Wanaume waliokuwepo walitazama miguu yao.

"Nataka tembo kidogo," nilinong'ona. "Si la kunywa. Ni la komba."

"Hapa hakuna anayekunywa, dada yangu," alisema yule mama, akijaza chupa. "Hawa wote unaowaona wananunulia komba. Wako ana ukubwa gani?"

"Sijamwona."

"Basi chukua chupa nzima, usije ukamwaibisha."

Nilimimina tembo lile kwenye bakuli, nikapanda ngazi, nikalisukuma gizani kwa mpini wa ufagio hadi karibu na pale palipoloa. Kisha nikashuka kungoja komba alewe. Joto la dari likafanya kazi yake. Kufikia siku ya pili nyumba yetu ilikuwa ikinuka kama harusi ya watu wasio na haya.

Na siku ya pili ilikuwa Ijumaa.

Mjomba alivua viatu mlangoni, akavuta pumzi, akasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama. Hiki ninachonusa ndicho, au pua yangu inanikosea adabu?"

"Ndicho," alisema Bibi kwa utulivu. "Ni cha komba."

Tulimweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaenda kuitazama dari, akarudi. Sijapata kumwona mjomba akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza, ndiyo maana ilinitia hofu.

"Mwanangu," aliniambia, "nyumba ya marehemu dada yangu leo ina najisi juu, ina tembo juu, na mama yangu amekaa chini. Mimi sisemi neno. Ijumaa ijayo nitaazima gari, nije nimchukue."

Nilimgeukia Bibi anitetee. Bibi alikuwa akihesabu tasbihi.

Juma lile sikuandika kitu. Niliusikiliza tu ule mdundo, to, to, kwenye beseni tuliloliweka chumbani, na kila nilipopita nikalitazama lile kovu la mguu wa Bibi. Nilikuwa tayari kumwua komba kwa mikono yangu, mimi ambaye katika kitabu changu cha kwanza nilishindwa kumwua hata mhusika mbaya.

Alhamisi, asubuhi, nikapanda darini mzima mzima, nikiwa na tochi na mwiko wa ugali. Nilitambaa juu ya mbao, kati ya utando na vumbi, hadi lilipokuwa bakuli la tembo. Nilitarajia kulikuta tupu, na komba kando amelala chali. Bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni, kuliko nilivyolijaza. Nikachovya kidole. Maji. Maji ya joto, yenye kumbukumbu ndogo ya tembo. Komba wangu hakunywa; aliongeza.

Na nikiwa nimelala kifudifudi pale, tone likaniangukia mkononi. Nikainua tochi. Juu ya bakuli lilipita bomba jembamba, na kwenye kiungio chake tone lilikuwa likinenepa, likimeremeta kama kito. Nilifuata bomba kwa mwanga, taratibu, taratibu, mpaka kwenye tumbo kubwa jeupe la tangi.

Nilibaki pale muda nikijidharau. Kisha nikapiga kelele: "Bibi! Si mkojo! Ni hita!"

"Nani?"

"Hita!"

"Yeye pia anakojoa?"

Fundi nilimpigia pale pale, nikiwa bado darini. Alisema nizime swichi, nifunge koki ya maji yanayoingia, na kwamba yuko njiani. Nilizima, nikafunga. Njia ya kutoka Ukunda hadi Bongwe si ndefu, lakini yeye alikuwa njiani Alhamisi nzima na asubuhi yote ya Ijumaa.

Alipofika, aliingia na ngazi, na kelele, na vumbi.

"Sasa, shosho!" alimwambia Bibi.

"Sasa ni nini? Ndiyo salamu hiyo?"

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Na mimi si shosho. Mimi ni Bibi. Panda."

Akapanda. Tulimsikia akigongagonga, akizungumza na tangi kana kwamba amelifumania. Kisha sauti ikatushukia kupitia kidirisha: tangi lenyewe halijatoboka, ila maji yetu ya kisima, kwa chumvi yake, yanalila kutoka ndani. Mle ndani huwa na fimbo ya madini iliyowekwa makusudi iliwe badala ya tangi, na yetu ilikuwa imebaki kama mwiba wa samaki. Ilitakiwa kubadilishwa zamani.

"Hukuniambia!" nikapaza sauti.

"Nilikuambia, siz! Ulikuwa unacheka na shosho!"

Alitaka pia sinia la kuweka chini ya tangi, liunganishwe na bomba la kwenda nje, ili siku likivuja livujie humo badala ya kichwani kwa mtu. Dukani hakukuwa na la kufaa. Nikaenda jikoni, nikarudi na sinia la pilau la mama yangu, lile la harusi.

"Hilo linakwenda wapi?" akauliza Bibi.

"Darini, Bibi."

"Sinia lililolisha wazee wa Msambweni na Gazi, likakae gizani kungoja matone?"

"Ni ili ukae, Bibi."

Akaondoka mlangoni, akanipisha.

Lakini fundi alikuwa na swali lililomsumbua. Lile bomba jembamba, alisema, halitakiwi kamwe kukaa na maji. Maji hupita tu, yanatoka. Kwa nini limejaa hadi kwenye kiungio? Akashuka, akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata, Bibi akiwa na kanga ya pili kichwani kwa ajili ya jua. Fundi akainama kwenye majani pale bomba linapotokeza. Akaligusa kwa kidole. Akakwaruza kwa bisibisi. Akavuta kwa koleo, akashindwa, akaweka mguu ukutani, akavuta tena.

"Nani ameziba hii kitu?" alisema akihema. "Hii si takataka imeingia. Hii ni kazi ya mtu. Hii ni kazi *safi*."

Kikatoka kwa sauti kama ya kizibo, na nyuma yake maji yakaruka na kumlowesha kifua. Bibi alinyoosha mkono. Fundi akampa. Ilikuwa pamba, imesokotwa kuwa kamba nyembamba na kushindiliwa safu juu ya safu, na mdomoni imepakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa mashua chini. Bibi aliinusa. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya papa.

Alikaa juu ya tofali, akakiweka kile kizibo juu ya paja lake.

"Bahati yenu," fundi alikuwa akiendelea, akikamua shati. "Hili tangi lingekosa pa kupumulia kabisa, lingeruka mpaka Diani. Kilichowaokoa ni ile kiungio. Sikuikaza sana. Nililegeza makusudi, mimi naona mbali."

Hapo tukasikia gari la kuazima likisimama mbele ya nyumba.

Mjomba alizunguka nyuma kufuata sauti zetu. Alimwamkia mama yake, akanipa mkono, akamtazama fundi aliyeloa, kisha akaona kilichokuwa juu ya paja la Bibi. Mtu mzima yule, mwenye mvi ndevuni, uso ukamgeuka kuwa wa mtoto.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakiri. Sikuhitaji hata kuhutubia. Hakuna komba, hakuna najisi, maji ni twahara kabisa, na mvujishaji ni yeye mwenyewe aliyekuja na gari.

"Ulikuwa unaziba nini, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Lilikuwa linadondosha, mama." Alikohoa. "Ijumaa moja nilikuja ukawa bado unaswali. Nikakaa hapa nyuma nikikungoja. Nikasikia to, to, to. Mama, unanijua. Siwezi kukaa na kitu kinachovuja."

"Ukawa na pamba."

"Nilikuwa nayo mfukoni."

"Na deheni."

"Kidogo."

Bibi alikigeuza kizibo kwenye mwanga. "Safu hizi amekufundisha baba yako," alisema. "Nani amekuletea mashua siku hizi?"

Mjomba alitazama majani.

"Hakuna, mama. Tangu kabla ya Ramadhani. Siku hizi wananunua za faiba, zinatoka kiwandani. Hazina mshono. Hazina hata pa kupenyeza sindano."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nimeziba kila kitu."

Fundi, ambaye hakuwa ameelewa lakini hakupenda kimya, alimwambia kwamba angeweza kumfungia hita nzuri kule Msambweni.

"Itavuja?" mjomba akauliza.

"Kidogo tu. Lazima ivuje kidogo."

Mjomba akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Na Bibi akacheka. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka, cheko lile lile nililolisikia siku ya kwanza bafuni, na mimi nikacheka naye, nikijua nimeshinda. Alipomaliza alijifuta macho na kunishika mkono ili ainuke.

"Mke mwenzangu," alisema, "niletee buibui langu."

"La nini? Bibi, maji ni twahara! Umeona mwenyewe!"

"Nimeona. Nyumba yako haina neno. Una tangi, una sinia, una fundi mwenye kelele. Huyu ana nini? Ameishiwa hata na matundu ya kuziba." Aliiteremsha sauti, ingawa mjomba alikuwa hapo hapo. "Nikimwacha, Ijumaa ijayo atakuziba wewe."

"Na mguu wako? Na maji ya moto?"

Alimgeukia mwanawe. "Maji atachemsha nani?"

"Mimi, mama."

"Atabeba nani?"

"Mimi."

"Akisahau," Bibi aliniambia, "nitakuita uje umtukane. Wewe una maneno mengi, na ndiyo kazi yako."

Nilileta buibui. Nilikunja nguo zake kwenye begi, nikatia na mafuta ya magoti, na kila kitu nilichokitia alikitoa na kukikunja upya. Fundi alikwisha kurudi darini na sinia. Mjomba alibeba begi hadi garini, akarudi, akasimama ukumbini, akanipapasa bega kama apapasavyo ubao wa mashua.

"Siz!" fundi akaita kutoka juu. "Nifungue maji?"

Bibi alinishika mashavu yote mawili, akanisomea kitu kwa sauti ndogo, akanipulizia usoni. Pumzi yake ilikuwa ya iliki. Kisha akavaa ndala zake, ule mguu wenye kovu mwisho.

"Siz! Nifungue?"

Nilitaka kumjibu, lakini Bibi alikuwa akivuka kizingiti, akikataa kushikwa mkono, na alipokwisha kupita aligeuka, akakamata kitasa, akanifungia mlango polepole hadi ukaitika.